Daktari Aliyechagua Sumu

Kitengo cha dharura ni mahali pa makelele. Machela yanagonga milango, wauguzi wanaitana kutoka kitanda hiki hadi kile, ndugu wa wagonjwa wanataka kujua mtu wao amewekwa wapi, na kila daktari hujizoeza kupaza sauti, la sivyo hasikiki. Kwa hiyo alipotokea mmoja asiyepaza sauti, wenzake hawakuchelewa kumpa jina. Walimwita Daktari Kimya. Usidhani kimya chake kilikuwa cha upole. Akitaka jambo lifanyike, alikusogelea mpaka karibu na sikio, akalisema mara moja, akaenda zake. Ukilikosea, alirudi akakutazama tu, na hapo ungetamani angekufokea yakaisha.

Alikuwa mtoto pekee wa mshonaji wa sare za shule, mama aliyefiwa na mume mapema na akamsomesha binti yake kwa cherehani. Binti akawa daktari, akafanya kazi miaka kadhaa, kisha akarudi darasani akasomea ubingwa wa magonjwa ya dharura. Siku aliyohitimu, mama yake alikaa kitini, akavua viatu, akasema, "Sasa tumemaliza." Alisema tumemaliza, hakusema umemaliza, na haki alikuwa nayo.

Waliishi nyumba moja: mama, daktari, mumewe, fundi wa majokofu mwenye karakana mbele ya nyumba, na binti yao mdogo aliyekuwa shule ya msingi. Sebuleni hapakukosekana jokofu la mtu likisubiri kifaa, na wageni walishazoea kuweka mikoba juu yake kama meza.

Yalikuwa maisha yaliyotulia. Ndipo mkuu wa idara akamwita ofisini.

Mkuu huyo alikaribia kustaafu. Alikuwa na miwani ya kusomea na miwani ya kuonea mbali, na kwa kuwa hakuwa na subira ya kubadilisha, alivaa moja puani na nyingine akaipandisha kwenye paji la uso. Vijana walimwita Mzee Miwani, naye alijua.

"Kaa," alimwambia. "Umekuwa bingwa muda sasa. Idara haiwezi kubaki na watu wanaojua kila kitu kidogo kidogo. Nataka uende ukabobee."

"Kubobea kwenye nini, Mzee?"

Mzee Miwani akaanza kumwonyesha njia moja moja, kama mwenye nyumba anayemtembeza mpangaji vyumbani. Kulikuwa na ubobezi wa wagonjwa mahututi, wale wa mashine za kupumulia, na huo ulichukua miaka miwili. Kulikuwa na wa dharura za watoto. Kulikuwa na wa ultrasound, ambapo daktari hujifunza kuona ndani ya kifua na tumbo palepale kitandani, bila kumsubiri mtu wa picha. Wengine walisomea huduma za ambulensi, namna ya kumtibu mtu barabarani kabla hajafika hospitalini. Wengine walisomea maafa, mabasi yanapogongana au jengo linapoanguka. Na wengine walisomea kufundisha.

"Halafu kuna sumu," alimalizia, "ila hiyo sijaona mtu akiichagua. Mtu wa sumu anakaa na simu mchana kutwa, watu wanampigia wamuulize. Wewe na simu wapi na wapi?"

Daktari Kimya alitabasamu. Ilikuwa kweli kwamba hata mume wake akimpigia aliongea naye kana kwamba maneno yanauzwa.

"Nakutaka mahututi," Mzee Miwani akasema. "Wewe na Spidi. Mkirudi wawili, tutakuwa na wodi yetu."

Spidi alikuwa daktari mwenzake, kijana mwembamba aliyetembea kama anayewahi treni. Yeye hakuhitaji kubembelezwa. "Dada, mimi nakwenda kwenye mashine," alimwambia kwenye korido. "Huku tunapokea tu. Kule ndiko wanakomaliza kazi."

Daktari Kimya hakuwa na sababu ya kukataa. Aliomba nafasi ya mahututi, akapeleka habari nyumbani. Mama yake alikuwa anapindua kola ya shati. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Kwani hukumaliza kusoma?"

"Nilimaliza, mama. Hii ni ya juu zaidi."

"Na juu ya hiyo?"

"Labda na juu yake ipo nyingine."

"Elimu haina mwisho, mwanangu," mama akasema, akirudia kola yake. "Ila mimi ninao."

Hakulisema kwa hasira. Lilitoka kama la mtu anayekumbusha kwamba mvua inakuja, nguo ziko kambani. Lakini Daktari Kimya hakulala vizuri.

Majibu ya maombi yalikuwa bado hayajafika alipoletwa yule msichana.

Ilikuwa asubuhi. Baba mtu aliingia amembeba mgongoni, msichana wa umri wa darasa la tatu au la nne, amevaa sare ya shule, mate yanamtiririka hadi shingoni mwa baba yake. Nyuma walifuata wanawake wawili. Mmoja alikuwa shangazi wa mtoto, aliyekuwa anaongea tangu getini. Wa pili alikuwa mama wa kambo, naye alibaki hatua kadhaa nyuma.

Mtoto alikuwa analowa jasho, anatapika, na misuli ya mashavu ilikuwa inamchezacheza chini ya ngozi. Daktari Kimya alimfungua macho akaona mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Alishawahi kuona watu wa namna ile: wakulima waliopuliza dawa mashambani bila kujifunika. Akamsogelea muuguzi, akamwambia atropini, dawa ya kukausha mate na kifua, akamwambia na nguo zote zitoke, aoshwe mwili. Dawa ikaingia, kifua kikaanza kukauka, mtoto akafumbua macho akaita baba.

Wote wakapumua. Haikuchukua muda, mate yakaanza upya na kifua kikajaa tena. Wakamwongeza dawa, akapata nafuu. Akarudi nyuma tena. Kila walipomvuta juu, kitu fulani kilimvuta chini, na atropini kwenye kabati ilikuwa inaisha.

Nje kwenye korido mambo yalikuwa mabaya zaidi. Shangazi alishatoa hukumu.

"Mtoto wa kaka yangu jana alikuwa mzima," alikuwa anawaambia watu hata asiowajua. "Alicholishwa anakijua huyu hapa. Mama wa kambo hata akikupa maji, uchungulie kikombe kwanza."

Mama wa kambo alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti. Baba alisimama kati ya dada yake na mke wake, hajui amtazame nani. Askari wa getini alikuwa ameanza kusogea, maana shangazi alitaka aitwe polisi.

Daktari Kimya alikumbuka kwamba mhadhiri wake mmoja aliwahi kuwapa namba ya kituo cha sumu, kituo cha nchi ya mbali ambacho madaktari wa kokote waliruhusiwa kukipigia. Hakuwahi kukitumia. Alisimama karibu na dirisha la chumba cha dawa, akapiga. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, isiyo na haraka. Alijitambulisha kuwa ni daktari, akauliza umri wa mtoto, uzito wake, kifua kinasikikaje, amepewa nini na kiasi gani. Kisha akauliza, "Mmemwosha?"

"Tumemwosha mwili mzima. Nguo tumezitoa."

"Na nywele?"

"Nywele zimesukwa."

"Zimesukwa lini?"

Daktari Kimya akatazama mlango wa korido.

"Kaulize," ile sauti ikasema. "Mimi sikati simu."

Alitoka akaenda moja kwa moja mwisho wa benchi, akakaa karibu na mama wa kambo mabega yakigusana.

"Mama, mtoto alisukwa lini?"

"Jana jioni."

"Alisukwa na nani?"

"Mimi."

"Kabla ya kumsuka ulimpaka nini?"

Mama yule akainamisha kichwa. Shangazi alikuwa ameshatega sikio.

"Sikuulizi kwa ubaya," Daktari Kimya akasema, sauti yake ya chini kuliko kawaida. "Nauliza ili nijue pa kushika."

Ndipo maneno yakatoka. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani na mwalimu kwa sababu ya chawa. Wenzake walimcheka hadi mlangoni. Alilia akisema harudi tena shule. Jirani alikuwa na ng'ombe, akampa mama yule dawa kidogo ya kuogeshea mifugo, kwenye chupa ya soda. "Nikawaza, kama inaua kupe, chawa ni nini? Nikampaka, nikamfunga kitambaa, nikampaka mafuta mazuri harufu iishe, ndiyo nikamsuka. Nilitaka aende shule amependeza."

Daktari Kimya alirudi kwenye simu na kusema neno moja tu, "Nywele," na ile sauti ikamjibu, "Zinyoeni zote. Vaeni glovu. Osheni kichwa kwa sabuni, tena na tena. Mlikuwa mnafunga bomba huku tangi bado linamwaga."

Walinyoa. Kila msuko ulipodondoka kwenye mfuko wa plastiki, harufu ya dawa ilipanda kutoka chini ya ile ya mafuta. Kufika mchana kifua cha mtoto kilikauka, kikabaki kikavu. Alipoamka vizuri akajipapasa kichwa.

"Nywele zangu ziko wapi?" akamuuliza mama yake wa kambo.

"Zitaota, mama."

Mtoto akafikiri. "Na chawa?"

"Wamekwenda nazo."

Inaonekana jibu lilimridhisha, maana alifumba macho akalala usingizi wa kawaida.

Kabla ya kumaliza zamu, Daktari Kimya aliwakusanya wakubwa watatu kando. "Huyu mama hakumpa mtoto sumu," alisema. "Alimpaka dawa asiyoijua. Ni mambo mawili mbali mbali, na naomba mkitoka hapa msiyachanganye."

Shangazi alikaza uso. Haikuwa rahisi kumeza maneno ambayo korido nzima ilishayasikia. Mwishowe akasema, "Lakini si angeuliza?"

"Angemuuliza nani?" Daktari Kimya akamjibu.

Alilisema ili kumnyamazisha tu. Lakini swali lile lilimgeukia mwenyewe. Njia nzima ya kwenda nyumbani lilikuwa naye. Kweli, yule mama angemuuliza nani? Jirani ndiye aliyempa. Muuzaji wa dawa za mifugo alijua bei tu. Zahanati ya mtaani ingemwambia nini? Yeye mwenyewe, bingwa, mwenye vyeti ukutani, alikuwa amesoma na kutibu miaka yote ile, na swali la nywele halikumjia.

Majibu ya ubobezi wa mahututi yalipofika, yeye na Spidi wote walikuwa wamekubaliwa. Spidi alianza kuaga siku hiyohiyo. Daktari Kimya alikwenda ofisini kwa Mzee Miwani na kumwambia hataki mahututi, anataka sumu.

Mzee alishusha miwani ya juu, akaivaa juu ya ile nyingine, akamtazama kwa zote mbili.

"Daktari mzima unataka kwenda kusomea chawa?"

"Nataka kusomea kuuliza, Mzee."

"Nikuambie ukweli. Wanaokufa hapa kwa ajali ni wengi mno kuliko wa sumu."

"Wa ajali tunawahesabu. Wa sumu tunawaandika kifafa, tunawaandika homa, tunawaandika wamekula chakula kibovu. Tutajuaje ni wangapi?"

Walibishana kwa siku kadhaa, kwa heshima, kila walipokutana mlangoni. Mzee hakuwa mkaidi wa bure. Alihitaji watu wa mashine, na alijua akistaafu bila wodi ile, haitajengwa. Lakini pia alikuwa mtu wa haki. Hatimaye alimwandikia barua ya kumwombea nafasi kwenye kile kituo cha mbali, akasema, "Mimi na wewe mmoja wetu amekosea. Natumaini ni mimi." Kituo kilimpa mwaka mmoja wa mafunzo.

Nyumbani, mume wake alimsikiliza akiwa amelala kifudifudi sakafuni, mkono mmoja ndani ya jokofu la mtu.

"Jokofu lisipopoa," alisema kutoka huko chini, "mafundi wengi wanajaza gesi. Mwenye nalo anafurahi wiki moja, halafu analirudisha. Mpaka utafute linapovujia." Akautoa mkono, akaufuta. "Nenda. Mwaka si umri. Mtoto nitampeleka shule mimi."

"Na mama?"

"Kwa mama usinitume. Kamwambie mwenyewe."

Alimwambia. Mama hakurudia yale ya mwisho wake. Aliuliza tu huko aendako kuna baridi kiasi gani, kisha akamshonea koti lenye bitana mbili, zito kama godoro, ambalo alilibeba kwa aibu na baadaye akalivaa kila siku.

Kituo cha sumu kilikuwa chumba kirefu chenye meza na simu, ghorofa ya juu ya hospitali. Mwanamke wa ile sauti nzito alikuwa mfupi, mwenye mvi, na ndiye aliyekuwa mkufunzi. Daktari Kimya alidhani kimya chake kingemfaa mahali pale pa kusikiliza. Hakikumfaa. Wiki za mwanzo watu walimkatia simu.

"Unasikiliza vizuri sana," mkufunzi alimwambia, "lakini mwenye simu hakuoni ukitikisa kichwa. Yuko na mtoto mikononi, anasikia ukimya, anadhani umekwenda. Mpe sauti. Hata mguno."

Basi bingwa akajifunza kuguna. Alijifunza kusema "Nipo, endelea," na "Umefanya vizuri kupiga." Alijifunza kwamba anayepiga husema uongo mdogo kwanza, kwa sababu ya aibu, na ukweli huja swali la tatu au la nne kama hukumfokea. Mchana walishuka wodini kuwaona wagonjwa wa kweli: walioumwa na nyoka, watoto waliomeza betri za saa, wazee waliochanganya vidonge vya presha. Jioni alisoma: figo husafisha nini na haisafishi nini, sumu ipi ina kipingamizi, yaani dawa ya kuizima, na ipi haina. Kile cha mwisho ndicho kilichomtisha, maana orodha ya zisizo na kipingamizi ilikuwa ndefu.

Katikati ya mwaka, kwenye simu za nyumbani, alianza kuona kitu. Mama kila mara alikuwa amelala, au anaoga, au yuko kwa jirani. Kwa mafunzo aliyokuwa ameyapata, hakuhitaji kwenda mbali. Alimuuliza mumewe swali la kwanza, la pili, na la tatu likautoa ukweli: mama alikuwa ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, amefanyiwa upasuaji, na walikuwa wamekubaliana kumficha.

Alikasirika kama hajawahi kukasirika. Kwa mara ya kwanza watu wa chumba kile walimsikia akipaza sauti. Alimwambia mumewe anafunga mizigo kesho.

"Ngoja," mume akasema, "mwenyewe anataka simu."

Mama alichukua simu, pumzi yake nzito. "Nasikia huko wanakulipa ukae usikilize watu wanaopiga simu."

"Ndiyo, mama."

"Basi na mimi nimepiga. Nisikilize. Mguu una vyuma, unauma, na wewe hujui mifupa. Ukija utakaa kitandani unitazame, mimi nikutazame. Kisha mwaka utapotea na mguu utapona siku ileile ungepona bila wewe. Maliza kilichokupeleka."

Daktari Kimya alinyamaza muda mrefu.

"Upo?" mama akauliza.

"Nipo, mama. Endelea."

Alibaki. Hakuwahi kujua kama alifanya sawa. Hata leo ukimuuliza atakwambia mama alipona, lakini kupona kwa mama si ushahidi kwamba alipaswa kubaki. Kuna miezi ambayo mama alijifunza kutembea upya kwa fimbo, akishikwa na mkwe, na binti yake hakuwepo. Hiyo haitarudi.

Aliporudi, Mzee Miwani alikuwa amestaafu. Mkuu mpya, mtu mwema asiyejua lile jambo limeanzaje, alimpa chumba kilichokuwa stoo ya viti vya magurudumu, na simu moja. Daktari Kimya akatuma namba kwenye vituo vya afya na zahanati. Akakaa. Simu ya kwanza ilitafuta chumba cha eksirei. Ya pili pia. Wauguzi walikuwa wanapita wanachungulia, wanacheka kidogo, na mmoja alimuuliza kwa huruma kama hataki apewe wagonjwa wa kawaida asichoke kukaa.

Alichukua wagonjwa wa kawaida, simu akaiweka mfukoni. Taratibu ikaanza kulia. Mganga wa kituo cha afya cha kijijini alikuwa na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, anataka kumtapisha. Akamwambia asithubutu, na kwa nini. Muuguzi mmoja alikuwa na familia nzima inayoumwa kichwa, wamelala na jiko la mkaa ndani. Akamwambia milango kwanza, kisha oksijeni. Waliokuwa wamepiga mara moja walipiga tena. Madaktari wawili chipukizi wakaomba kukaa naye wajifunze kupokea, akawafundisha kuguna.

Spidi naye alirudi baada ya miaka yake miwili, akafungua ile wodi ya mahututi ambayo Mzee Miwani aliililia. Mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wa chumba cha stoo, na Daktari Kimya alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Wagonjwa wake wazito aliwalaza kwa Spidi. Walibishana, wakahitajiana.

Kisha akaja fundi rangi.

Alikuja kwa miguu yake, mwanamume wa makamo, ana matone ya rangi nyeupe kwenye nyusi. Alikuwa anapaka rangi nyumba ya mtu, joto kali, akaona chupa ya soda dirishani, akapiga funda. Nusu akaitema. Ilikuwa dawa ya kuulia magugu. Alijisikia vizuri, ila mdomo ulikuwa unamwasha, na daktari kijana aliyempokea alishamwambia atapewa dawa ya vidonda aende nyumbani.

Daktari Kimya alitaka chupa iletwe. Alipoiona rangi ya dawa iliyobaki na kuinusa, na mkojo ulipopimwa, alijua ni sumu gani. Alimpa mkaa wa kunyonya sumu tumboni, akamlaza, akamzuia daktari kijana kumwekea oksijeni, maana kwa sumu ile oksijeni ikiwahi kuingia huharibu mapafu zaidi. Halafu akavuta kiti.

"Kaka, unataka nikueleze yote, au nikueleze kidogo kidogo?"

Fundi rangi alimtazama. "Wewe una sura ya mtu asiyeongopa. Nieleze yote."

Akamweleza. Kwamba leo yuko sawa, na kesho huenda akawa sawa. Kwamba figo zitasumbua, kisha mapafu yatakuwa magumu pole pole. Kwamba dawa ya kuigeuza sumu ile haipo, si hapa wala kokote. Kwamba wachache hupona, na yeye atafanya kila kitu kama vile fundi ni mmoja wa hao wachache.

"Lakini huamini," fundi akasema.

"Siamini sana. Hapana."

Akakwangua rangi kwenye kucha. Kisha akasema ana kaka yake hawajasemeshana muda mrefu, kwa ajili ya ukuta. Ukuta tu wa mpaka. Aitwe. Kaka alikuja, wakakaa pamoja siku zote zilizobaki, wakiongea habari za utotoni, na mara mbili tatu wauguzi waliwasikia wakicheka. Pumzi ilipoanza kuwa ngumu kweli, Spidi alikuja akampa dawa za kumtuliza, oksijeni sasa wakampa, maana haikuwa tena na cha kuharibu. Daktari Kimya alikuwepo fundi alipokata roho. Kabla ya pale, nadhani, hakuna aliyemwona akilia kazini.

Baada ya maziko alikwenda kwenye maduka ya pembejeo, kwa mwenyekiti wa wauzaji, mwanamume mnene aliyekaa nyuma ya magunia ya mbolea. Alimwomba waache kuwapimia wateja dawa za shamba kwenye chupa za soda.

"Daktari," mwenyekiti akasema, "mteja wangu hawezi kununua lita nzima. Nikimnyima, atanunua kwa asiye na duka. Unataka niuzeje?"

Daktari Kimya akakiri kwamba hajui. Walipiga hesabu ya chupa nyingine, za rangi nyeusi, zenye picha ya fuvu. Wauzaji wengine walikubali, wengine waliendelea kama zamani. Alirudi huko mara nyingi, na mara nyingi alitoka mikono mitupu.

Asubuhi moja, akiwa katikati ya kumshona mtu kidonda, simu iliita mfukoni. Ilikuwa sauti ya mwenyekiti, imepanda, haina tena ule utulivu wa nyuma ya magunia.

"Daktari, mke wangu. Pipa limepasuka, dawa imemwagika kifuani kote. Anatetemeka. Nimpe maziwa?"

"Umefanya vizuri kupiga," Daktari Kimya akasema, akimkabidhi muuguzi uzi na sindano. "Maziwa acha. Kwanza mvue nguo. Zote, papo hapo, mbele ya watu ikibidi. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Umeanza?"

"Naanza."

"Nipo, endelea. Sasa maji na sabuni. Mwambie mwenye duka la jirani awashe gari, mkimaliza mmlete hapa."